Mvua, Ukungu na Barabara: Kuendesha Gari kwa Usalama Msimu wa Mvua

Shabaha ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

1. kueleza kwa nini gari huchelewa kusimama barabara inapolowa;
2. kukagua matairi kabla ya kuyanunua na kabla ya safari;
3. kurekebisha mwendo kulingana na umbali anaoweza kuuona;
4. kuamua kwa wakati kutovuka maji yanayokatiza barabara;
5. kutumia haki na sauti yake akiwa abiria.

Utangulizi

Pwani ya kaskazini, nyanda za juu za kaskazini mashariki na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mikoa ya kati, magharibi, kusini na nyanda za juu za kusini magharibi hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Masika yakiisha huingia kipupwe, na katika milima ya Njombe, Makete na Rungwe ukungu hufunika barabara asubuhi na usiku. Kwa hiyo ipo miezi michache tu katika mwaka ambayo msafiri wa nchi hii hakutani na barabara iliyolowa au isiyoonekana vizuri.

Madereva wengi hudhani kwamba usalama wakati wa mvua ni suala la ustadi wa mikono: kujua kukata usukani, kujua kukanyaga breki. Ustadi huo unafaa, lakini huja mwisho. Maamuzi yanayookoa maisha wakati wa mvua, karibu yote, hufanywa mapema: dukani tairi linaponunuliwa, nyumbani kabla ya gari kuwashwa, barabarani kabla ya kona, na ukingoni kabla ya gurudumu la kwanza kugusa maji. Dereva aliyechelewa kuamua huikuta hatari imekwisha kumwamulia. Hilo ndilo somo lenyewe. Sehemu zinazofuata zinalifafanua hatua kwa hatua.

1. Barabara iliyolowa ni barabara nyingine

Gari hushika barabara kwa sehemu ndogo sana. Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba jukumu lote la kuongoza gari, kulivuta na kulisimamisha. Maji yakiingia kati ya mpira na lami, mshiko hupungua.

Wakati wa hatari kubwa mara nyingi si katikati ya mvua ndefu bali ni dakika za kwanza za mvua iliyokuja baada ya kiangazi. Vumbi, matone ya mafuta na chembe za mpira vilivyojikusanya juu ya lami huchanganyika na maji machache na kufanya utelezi. Mvua ikiendelea, uchafu huo huoshwa. Basi usisubiri mvua iwe kubwa ndipo upunguze mwendo. Punguza matone ya kwanza yanapogonga kioo.

Hatari ya pili ni gari kuelea. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kuyatoa maji chini ya mpira. Mwendo ukiwa mkubwa, au mifereji ikiwa imekwisha, tairi hushindwa kuyatoa kwa wakati. Hupanda juu ya maji na kuiacha lami. Dalili yake ni usukani kuwa mwepesi ghafla. Likitokea hilo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki kwa nguvu. Gari likipungua mwendo, matairi yataikuta lami tena.

Kwenye barabara ya udongo, mvua hugeuza tabaka la juu kuwa tope laini. Tumia gia nzito, kwenda kwa mwendo mmoja usiobadilika, na usifunge breki ghafla kwenye mteremko. Acha injini ilizuie gari.

2. Hesabu ya umbali

Gari halisimami pale dereva anapoona hatari. Kwanza hupita muda wa dereva kutambua na kuuhamisha mguu. Ndipo breki huanza kazi. Hesabu ifuatayo inachukulia kwamba dereva yuko macho na anatumia sekunde moja na nusu kuitikia, kwamba matairi ni mazuri, na kwamba barabara ni tambarare ya lami. Takwimu ni makadirio ya umbali wote, tangu kuona hatari hadi kusimama:

- Mwendo wa kilomita 40 kwa saa: mita 26 pakiwa pakavu, mita 32 pakiwa pamelowa.
- Kilomita 60 kwa saa: mita 45 pakavu, mita 60 pamelowa.
- Kilomita 80 kwa saa: mita 69 pakavu, mita 96 pamelowa.
- Kilomita 100 kwa saa: mita 98 pakavu, mita 140 pamelowa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaotumiwa na breki peke yake huongezeka mara nne. La pili, kwa mwendo wa kilomita 80, gari kwenye lami iliyolowa huhitaji karibu urefu mzima wa uwanja wa mpira wa miguu ili lisimame. Mwenye matairi yaliyochakaa, au anayeshuka mlima na mzigo, atahitaji zaidi ya hapo.

Njia rahisi ya kupima nafasi ni hii. Chagua alama kando ya barabara, kama nguzo au mti. Gari lililo mbele yako likiipita, anza kuhesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, mia moja na nne. Ukiifikia alama kabla ya kumaliza, uko karibu mno. Pakiwa pakavu sekunde mbili hutosha. Mvua inaponyesha, hesabu nne. Gari jingine likijiingiza katika nafasi uliyoiacha, usikasirike; rudi nyuma kidogo, uiache nafasi upya. Wahenga walisema, kawia ufike.

3. Matairi: uamuzi unaofanywa dukani

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha takriban milimita 8. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kiwango cha mwisho cha kisheria, lakini uwezo wa kutoa maji huwa umekwisha kushuka sana kabla ya hapo. Kwa msimu wa mvua tunashauri ubadilishe tairi linapofikia milimita 3. Huhitaji kipimo maalumu ili kuutambua mwisho kabisa: ndani ya mifereji vipo vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Uso wa tairi ukilingana na vituta hivyo, tairi limekwisha. Lililopita hapo ni kipara, na kipara hakina mahali pa kuyapitishia maji.

Kina si kitu pekee. Mpira huzeeka hata usipotumika: hukauka, huwa mgumu na kupasuka. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo wakati mwingine huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mwombe muuzaji akugeuzie. Tairi linalong'aa kwa kupakwa dawa laweza kuwa limekaa ghalani kwa miaka mingi.

Mwenye gari lililotumika ng'ambo ana jambo moja zaidi la kuangalia. Magari yanayotoka nchi zenye theluji, zikiwemo sehemu za kaskazini mwa Japani, huweza kufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi. Utayatambua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au kwa mifereji myembamba mingi iliyokatwa kama nywele. Mpira wake ni laini kwa sababu umetengenezwa kwa ajili ya halijoto iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Kule kwao matairi hayo huokoa watu. Kwenye lami yenye joto ya Dar es Salaam, Tanga au Mwanza hulika upesi, na hulisimamisha gari kwa umbali mrefu kuliko tairi la kawaida. Mwonekano wake ni wa tairi zima. Tabia yake si ya nchi hii. Yabadilishe.

Unaponunua tairi, fanya yafuatayo:

- Soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa, si baada ya kufungwa.
- Linganisha namba za ukubwa na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko kilichopo nguzo ya mlango wa dereva.
- Pitisha kiganja ubavuni mote. Uvimbe, mkato au alama ya kushonwa ni sababu ya kukataa.
- Dai risiti ya EFD inayotaja aina na ukubwa wa tairi, na uitunze. Pasipo risiti, dai lako juu ya bidhaa mbovu hukosa mguu wa kusimamia.

Mwisho, upepo. Ujaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, ukiupima matairi yakiwa ya baridi. Ipo imani kwamba kupunguza upepo huongeza mshiko wakati wa mvua. Kwenye lami sivyo: tairi lililolegea hubonyea katikati, hushindwa kutoa maji, na huelea mapema zaidi.

4. Ukaguzi kabla ya safari

Ukaguzi huu huchukua dakika chache:

- *Waipa.* Zikiacha michirizi au zikilia, mpira wake umekwisha. Jaza na maji ya kuoshea kioo.
- *Taa.* Washa zote, zunguka gari, futa tope. Taa ya nyuma isiyowaka ni mwaliko wa kugongwa.
- *Breki.* Gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, usianze safari. Kwenye utelezi kuvutwa huko hugeuka kuwa kuzunguka.
- *Kioo.* Mvuke ukiziba kioo kwa ndani, washa kiyoyozi na uelekeze feni kwenye kioo. Kiyoyozi hukausha hewa hata kikiwekwa joto.
- *Taarifa.* Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uwaulize madereva wanaotoka uendako. Kuahirisha safari kwa saa tatu ni uamuzi wa usalama kama ulivyo mwingine wowote.

5. Mvua kubwa na ukungu

Kanuni ni moja: usiende kwa mwendo unaohitaji umbali mrefu kuliko ule unaouona. Ukirejea hesabu ya sehemu ya pili, dereva anayeona mita 40 tu mbele yake hapaswi kuzidi kilomita 40 kwa saa. Akienda 60 atahitaji mita 60, na mita 20 za mwisho atazipita kipofu.

Washa taa za mbele kwa mwanga wa chini. Mwanga mkali huakisiwa na matone ya ukungu ukakurudia machoni kama pazia jeupe. Usiendeshe ukiwa umewasha indiketa zote nne. Walio nyuma hawatajua kama umesimama au unatembea, wala hawataiona ishara yako unapokata kona. Taa hizo ni za gari lililosimama au lililoharibika.

Usiifanye taa ya nyuma ya lori kuwa kiongozi wako, kwani likiacha barabara utaacha nalo. Fuata mstari wa kushoto. Ukishindwa kuona kabisa, toka barabarani kikamilifu, mahali tambarare, uwashe hizo indiketa nne na kusubiri. Kamwe usipite gari jingine ndani ya ukungu, hata kama barabara umeizoea tangu utotoni. Unachokijua ni barabara. Gari linalokuja hulijui.

6. Maji yanayokatiza barabara

Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni asubuhi lilisombwa na maji korongoni, na wanafunzi kadhaa walifariki. Tunayataja matukio haya kwa heshima ya waliofiwa, na kwa sababu hatari iliyowakuta wale huwakabili wengine kila mvua inapofurisha drifti na makorongo yetu.

Dereva anayetazama maji hujiuliza: je, injini itaingia maji? Swali linalotakiwa ni jingine: je, maji yatalinyanyua gari? Chukua gari dogo la kilo 1,200, lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6. Sakafu yake ina eneo la mita za mraba 6.4. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu hulisukuma gari kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 640. Sentimita 20 juu ya sakafu hutosha kubeba uzito wote. Kwa kuwa sakafu yenyewe iko sentimita 15 hadi 20 tu kutoka ardhini, maji yanayofika magotini mwa mtu mzima huweza kuling'oa gari hilo. Na kabla hayajaling'oa, matairi huwa yamekwisha kupoteza uzito unaoyakandamiza, na mkondo hulisukuma pembeni. Ndiyo maana hushauriwa kwamba sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi ni hatari kwa gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwemo ya kuvutia magurudumu manne. Mwenye pikipiki au anayetembea kwa miguu huangushwa na sentimita 15.

Ukubwa wa basi haulindi. Basi ni zito zaidi, lakini ubavu wake wa mita 10 au zaidi ni ukuta unaopokea nguvu ya mkondo wote, na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka takriban mara nne. Kisha hakuna dereva anayeiona barabara iliyo chini ya maji ya tope. Kalavati laweza kuwa limekwisha kubebwa, lami imekatika, na uso wa maji ukabaki tulivu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa hiyo:

- Huoni uso wa barabara, na maji yanatembea? Usivuke. Rudi au subiri.
- Kuvuka kwa gari lililotangulia si ushahidi. Maji hupanda kwa dakika, na gari hilo huenda ndilo lililomalizia kubomoa ukingo.
- Usiegeshe ndani ya korongo kavu. Mvua iliyonyesha milimani huleta mafuriko mahali ambapo hapajadondoka tone.
- Wapo vijana wanaoonyesha njia kwa malipo. Nia yao yaweza kuwa njema, lakini hawaioni barabara iliyo chini ya maji zaidi yako.
- Ukivuka dimbwi lililosimama na lenye kina unachokijua, nenda polepole kwa gia nzito, kisha kanyaga breki kidogo kidogo hadi zikauke.
- Injini ikizima ndani ya maji, usiiwashe tena. Maji yaliyoingia kwenye silinda huivunja.

Gari likianza kubebwa, usipoteze muda kupiga simu ukiwa ndani. Fungua mikanda, shusha vioo vya pembeni wakati umeme bado unafanya kazi, toa watoto kwanza, na mpande juu ya gari. Kioo cha pembeni kikikwama, kipige karibu na kona yake kwa kitu kigumu. Kioo cha mbele kwa kawaida hakivunjiki kirahisi. Mkiwa nje, ndipo mpige 112.

7. Wewe uliye abiria

Wengi wetu huvuka maji hayo tukiwa kwenye kiti cha abiria. Nauli uliyolipa ni ya kufikishwa salama, si ya kufikishwa kwa vyovyote. Basi likisimama ukingoni na dereva akasita, kimya cha abiria humsukuma mbele. Yeye pia ana ratiba, ana tajiri anayempigia simu, na anaogopa kulaumiwa kwa kuchelewa. Abiria watano wakisema kwa adabu, "Samahani dereva, sisi tuko radhi tusubiri maji yapungue," wamempa sababu ya kusimama. Akikataa, ombeni kushuka kabla gari halijaingia majini, na mtoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani mkitaja namba ya gari, mahali na saa. Tunza tiketi yako.

Mzazi ambaye mtoto wake huchukuliwa na gari la shule aulize, kabla msimu haujaanza: gari hupita drifti gani, na nani ana mamlaka ya kusema leo halivuki? Kama hakuna jibu, wazazi walidai kwa maandishi.

8. Neno kuhusu bima

Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako likisombwa, hailipi. Bima kubwa huweza kufidia mafuriko, lakini si kila mkataba unayataja. Soma masharti sasa, ukimwomba wakala akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa. Baada ya mafuriko, piga picha na utoe taarifa mapema. Usiwashe gari kabla ya mkaguzi kulitazama.

Maswali ya kujipima

1. Tairi lina tarakimu 4117. Lilitengenezwa lini, na utamuuliza muuzaji nini?
2. Unaona mita 30 mbele yako ndani ya ukungu. Je, kilomita 40 kwa saa ni mwendo salama?
3. Kwa nini gari lililotangulia kuvuka haliwezi kuwa uthibitisho wako?
4. Basi lako limefika kwenye drifti iliyofurika saa mbili usiku. Andika sentensi utakayomwambia dereva.

Swali la nne lijibiwe kwa sauti, na familia nzima ikisikia. Sentensi iliyokwisha kusemwa nyumbani ni rahisi kuitamka ukingoni mwa maji.